Sahani Isiyotobolewa

Alunguli, Kindu, 9 Juni 2024

Baba mdogo Octave,

Kuna mlio mmoja ambao sijausahau. Ni mlio wa msumari ukiingia katika sahani ya baba. Nilikuwa na miaka sita. Bibi Marceline aliilaza ile sahani ya bati kifudifudi kwenye kizingiti, akasimamisha msumari katikati, akaupiga mara moja kwa jiwe la kuvunjia kokwa za mchikichi. Ko! Kisha akaiinua, akachungulia mwanga kupitia tundu, akasema, "Sasa Ferdinand amekufa." Watu walikuwa wamelia siku tatu nami sikuwaamini. Niliuamini msumari.

Sasa nakusalimia, kama inavyopasa. Sisi ni wazima. Siku arobaini za Bibi zimekwisha. Tulipika wali na sombe ya majani ya muhogo, majirani walikuja, kiti chako kilikaa kitupu mpaka jirani mmoja akakikalia. Kwetu msumari ni wa mwanamke mkubwa wa nyumba, na kwa kuwa mama yangu hayupo, nimeurithi mimi. Sahani ya Bibi nimeitoboa kwa mkono wangu, nikaiweka juu ya kaburi lake.

Neno lenyewe ni Wilfried. Tangu Pasaka mdogo wangu hampi mtu mkono. Hali chakula kilichopikwa na mwanamke, hata mimi. Anajipikia muhogo kwenye kopo nyuma ya nyumba. Nikimwita kwa nyuma hageuki. Husimama, akangoja mpaka nimzunguke nisimame mbele yake. Mimi ni mwalimu wa historia, baba mdogo. Miiko ya wapiganaji Simba wa mwaka 1964 naijua, naifundisha. Kitabu cha shule kimewapa nusu ukurasa, kwa hiyo wanafunzi wanapouliza zaidi mimi hufurahi. Lakini wapo wanaojifunga vitambaa vya ngozi kichwani na kupiga kelele za vita wakivuka mto, na ukiwauliza wale watu walikuwa wanadai nini, wanakutazama kama umewauliza bei ya mwezi.

Katika daftari la Wilfried, kati ya masomo yake ya kilimo, nimekuta mwandiko wako.

Ulimwita baba vitani mwaka 2002, akaenda. Huyu mwache.

Falone


Lubutu, 2 Julai 2024

Falone mutoto wangu,

Jambo sana. Karatasi yako imenifikia kwa lori la Michel, muzigo wake wote ulikuwa umelowa, lakini maneno yako makali hayakulowa. Hapa Lubutu tuko wazima. Muke wangu anaumwa mugongo. Mvua imekata barabara, ndiyo sababu sikufika kwa siku arobaini za mama. Mungu anajua nililia peke yangu.

Unauliza namuandikia nini mutoto wa kaka yangu. Namuandikia habari za babu yake. Kuna ubaya? Wewe unalipwa kufundisha historia na hujui historia ya nyumba yako. Baba Soudi alikuwa fundi wa reli, akawa kiongozi wa Simba. Novemba 1964, ndege zilipokuja, wengine walikimbia. Yeye alisimama na maji ya dawa kwenye ngozi, risasi zilikuwa zinamwangukia kama mvua juu ya jani. Angekuwa hai hata leo kama mwenzake mmoja hangegusa mwanamuke usiku ule. Amelala hapo Alunguli, hatua ishirini kutoka mulango wako, na wewe unapita kila siku na mufuko wa vitabu.

Nchi inaliwa upande wa mashariki. Watoto wanataka kusimama. Tarehe 5 Novemba miaka sitini itatimia. Nitakuja na muzee anayeshika maji ya dawa, tutayachota kwa chungu juu ya kaburi la Baba Soudi, maji ile njo ile ile ya 1964, na vijana kumi na wawili watapakwa, watapanda lori ya kwenda vita. Wilfried ni wa kwanza. Ana sababu kuliko wote, na wewe unaijua.

Jambo dogo. Kifurushi cha kiangazi, ile chumvi na sabuni, mwaka huu hakikunifikia. Mama amekufa, lakini ninyi muko. Na sahani yangu muiache kwenye kabati mahali pake. Siku nikifika nitakula ndani yake, maana mimi njo mwanaume mukubwa aliyebaki katika nyumba ile.

Baba yako mudogo,
Octave


Alunguli, 28 Julai 2024

Baba mdogo,

Salamu. Mpe pole mama mdogo kwa mgongo. Shule zimefungwa, Wilfried amefaulu mwaka wa kwanza wa chuo kwa alama nzuri na hakuna aliyemwona akicheka.

Umeandika kwamba ana sababu na kwamba naijua. Acha niiandike, kwa kuwa wewe huwa unaisema tu. Siku ya matanga ya baba ulisimama uani ukawaambia watu kwamba maji hayakosei, mtu ndiye anayekosea. Kwamba Ferdinand alivunja mwiko, akalala na mke wake alipokuja nyumbani kuchukua unga. Ukanyoosha kidole kwenye tumbo la mama. Lilikuwa la miezi minne. Mwezi huo huo mama alirudishwa kwao Pangi, akamzaa Wilfried huko, naye alipoacha ziwa mkamchukua, mama akabaki. Kwa hiyo mdogo wangu amekua akiambiwa kwamba kutungwa mimba yake ndiko kulikomuua baba. Ndiyo sababu anataka kupakwa yale maji. Anataka kulipa.

Haya. Nimefungua sanduku la Bibi. Ndani mna kitenge cha arusi yake, picha ya ubatizo wako, na chini kabisa, ndani ya shati la kazi la watu wa reli, sahani ya bati nyeupe yenye ukingo wa buluu. Nyuma imechorwa kwa ncha ya msumari: SOUDI.

Ni nzima.

Nimeikagua mchana, uani. Nimeishika juu nikitafuta mwanga kama alivyofanya Bibi. Haina hata tundu la kupitisha uzi. Yule mwanamke aliitoboa sahani ya mwanawe. Alitoboa za wakwe zake, na ya kitoto chake cha wiki mbili ambacho hakikuwahi kulia sahani yoyote, akanunua moja ili aitoboe. Ya mume wake aliiacha miaka sitini.

Nani amelala hatua ishirini kutoka mlangoni kwangu?

Usiponijibu nitawauliza wazee.

Falone


Lubutu, 30 Agosti 2024

Falone,

Tuko wazima. Kuku wanakufa kwa ugonjwa.

Mama alikuwa muzee, alisahau. Mambo ya sahani njo mambo ya wanawake. Wakati ule wa vita nani alikuwa na nafasi ya kutafuta musumari? Wewe ulisoma mpaka ukakosa akili, unahesabu matundu.

Ile sahani mupe Michel aniletee. Uifunge vizuri.

Na usizunguke kuuliza watu. Wazee wa Alunguli wanapenda uongo, na wale wa Kibombo ni walima mupunga tu, wanajua nini? Kaa kwa kazi yako. Musichana wa miaka ishirini na nane bila bwana, nyumba nzima ya baba yake iko mikononi mwake, halafu anachokonoa makaburi. Watu watasema nini?

Octave


Alunguli, 6 Oktoba 2024

Baba mdogo Octave,

Nakusalimia. Pole kwa kuku.

Kibombo sikuwa nimeitaja. Ulipoitaja wewe, nilikodi pikipiki nikaenda. Siku nzima njiani, mvua kuanzia katikati ya safari, tulivusha pikipiki kwenye daraja la reli kwa mikono. Niliposhuka nilikuwa na matope mpaka kwenye nyusi. Mwanamke mmoja aliyekuwa anaanika mpunga akaniangalia akacheka. "Wewe! Ulimwiba nani hilo paji la uso? Hilo ni la baba yangu."

Anaitwa Francine. Ni dada yako wa baba mmoja. Najua unamjua, alisema wewe ndiye uliyemfundisha kufunga kamba za viatu.

Babu Soudi amezikwa nyuma ya shamba la mpunga. Alikufa mwaka 1987, kitandani, kwa kikohozi. Ndege zilipokuja ile Novemba, yeye alishuka kijitoni, akajisugua yale maji ya dawa kwa mchanga mpaka ngozi ikatoka damu, akatembea kufuata reli kwenda kusini, usiku kwa usiku, kwa kuwa alilijua kila daraja. Akabadili jina, akalima. Francine anasema hakuwa mwoga, na mimi namsadiki, kwa sababu babu alimkumbuka kila mwenzake kwa jina na kwa kituo cha reli alichofanyia kazi. Alikuwa akisema, "Tulitaka uhuru wa pili, tukapewa maji." Nimekuwa nikifundisha historia miaka minne na sijawahi kuisema vizuri hivyo mbele ya darasa.

Alikula kwenye jani la mgomba mpaka mwisho. Francine akimpa sahani anaikataa. "Yangu iko kwa Marceline. Siku itakapotobolewa nitajua nimekufa."

Huku Alunguli, kama desturi, mtu ambaye mwili wake haukupatikana huzikiwa shina la mgomba mahali pake. Bibi alizika mgomba ili askari waache kuuliza. Msumari hakuugusa, kwa sababu yeye hakusema uongo na msumari. Na siri alikupa wewe, si baba. Baba alikuwa mtu wa kuongea. Wewe umejaliwa kunyamaza. Tangu una miaka kumi na mitano ulikuwa unashuka Kibombo kila kiangazi na chumvi na sabuni.

Sasa sikiliza. Mwaka 1987 ulisimama kwenye kaburi la babu, ukamwambia Francine, "Nitamwambia mama, ataleta sahani." Hukumwambia. Bibi aliendelea kufunga chumvi na sabuni. Ulipohamia Lubutu baada ya vita, ukamwambia una njia yako ya kuvifikisha. Mwaka jana, haoni vizuri, alipapasa miche ya sabuni na kuihesabu kwa vidole, akaniambia niende kuvipeleka kwenye lori. Nilidhani ni vyako. Miaka thelathini na sita ya sabuni, baba mdogo. Uliogea nini hata usitakate?

Na hili ndilo ninalotaka unijibu kwa mkono wako. Mwaka 2002, ulipomwita baba, ulipompaka maji na kumwambia ndiyo yaliyosimamisha risasi juu ya Soudi, ulikuwa unajua kwamba Soudi aliyasugua kwa mchanga. Uliliona kaburi lake la kweli. Ulimpeleka ndugu yako ukijua. Kisha ukanyoosha kidole kwenye tumbo la mama, ukijua.

Ndiyo au hapana?

Falone


Lubutu, 21 Oktoba 2024

Falone,

Juu ya Baba Soudi sitasema kitu kwa karatasi.

Unajua nini juu ya 2002? Ulikuwa mutoto, ulikuwa unakula mizizi porini. Watu walihitaji kitu cha kushika. Nani angesimama kama ningesema Soudi alifia kitandani? Wewe na ukweli wako, uuweke kifuani uone kama unazuia risasi.

Tarehe 5 nakuja. Lori limekwisha kupatikana. Wilfried ameapa, na kiapo cha mwanaume hakifunguliwi na dada. Uwashe moto, uweke maji ya kuoga, uoshe sahani yangu. Uondoke njiani.

Octave


Alunguli, 7 Novemba 2024

Octave,

Barua yako ilinifikia tarehe 29. Umejibu.

Nilimpa Wilfried barua zote, zako na nakala za zangu, nikaenda kufundisha ng'ambo ya mto. Niliporudi alikuwa amekaa kizingitini, karatasi zimepangwa magotini kwa tarehe. Aliniuliza neno moja tu. "Alijua na mimi niko tumboni?" Nikamwambia alijua. Akaingia ndani akalala na viatu.

Jumapili tarehe 3, baada ya misa na kabla ya jua kuwa kali, niliwaita vijana wako kumi na wawili na wazazi waliotaka kuja. Nilikuwa nimewaletea Francine. Amekuja na pikipiki ile ile, amebeba jembe la baba yake. Nikawaambia, leo tunafanya somo la mwaka 1964, na somo liko chini ya ardhi.

Walinitukana kwanza. Mmoja alisema kaburi la Simba likifukuliwa na mwanamke mto utafurika. Francine akamjibu, "Mwanangu, mimi ni mtoto wa huyo Simba, na mto ukifurika nitakubeba mgongoni." Wakacheka bila kutaka. Kisha Wilfried akachukua jembe.

Hapakuwa na mfupa. Udongo mweusi, laini, kama wa chini ya mgomba wowote, na kitambaa kilichooza kilichofungiwa shina. Walishuka mmoja mmoja kushika kwa mkono. Ndipo nikawaambia habari za reli, za mishahara iliyokatwa, za watu waliolala gerezani kwa kudai uhuru wa pili, na jinsi babu yangu alivyowakumbuka wote kwa majina. Francine akayataja. Alitaja ishirini na saba. Wengine walisikia majina ya mababu zao, na mmoja akalia kama mtoto, kwa kuwa la babu yake hakuwahi kulisikia likitajwa hadharani.

Ungetaka kujua ni wangapi walipanda lori lako tarehe 5. Wawili, ndugu wa tumbo moja. Sikuweza kuwazuia, mama yao alinitemea mate miguuni kwa kufukua kaburi, kisha akalikimbilia lori akiwalilia. Hao nao nawaandika katika deni lako. Nimesikia hukushuka kwenye lori, ulibaki karibu na dereva na kioo kimefungwa.

Sahani ya babu niliitoboa Kibombo mwezi uliopita, juu ya kaburi lake. Francine alipiga yowe la msiba ambalo halikupigwa mwaka 1987. Sasa Soudi amekufa, na Bibi, popote alipo, anaweza kuacha kufunga sabuni.

Jana Wilfried amekwenda Pangi kumchukua mama. Alipokuwa ameshafika barabarani nilimwita kwa nyuma, kusudi. Akageuka. Akanipungia mkono kwa kunikejeli, akasema, "Nini tena, mwalimu?" Nilitaka tu kumwona akigeuka.

Limebaki moja. Jumapili ile ile, kaburi likiwa bado wazi, niliingia ndani nikafungua kabati. Sahani yako ilikuwa mahali pake, na vumbi lake. Niliiosha kama ulivyoagiza. Niliilaza kifudifudi kwenye kizingiti. Wilfried alinishikia ukingo kwa mikono miwili isitetereke, nami nikasimamisha msumari katikati ya jina lako, nikapiga mara moja. Ko! Mlio ulikuwa ule ule. Tukaishusha kaburini mahali pa mgomba, tukafukia, kwa sababu kaburi lilikuwa limechimbwa na halikuwa na mtu.

Babu alisema angejua amekufa siku sahani yake itakapotobolewa. Wewe uko mbali, hukuweza kusikia. Ndiyo maana nimekuandikia.

Falone binti Ferdinand